Spektrometa ndogo ya kufundishia mwanga: kifaa kizuri chenye ahadi isiyo yake

Kifurushi hiki cha kufundishia mwanga kinastahili kununuliwa na shule yoyote ya sekondari yenye kitengo cha sayansi hapa Bukavu, lakini kisinunuliwe kwa sababu iliyochapishwa mbele ya boksi lake. Maneno ya pale yanadai kwamba mwanafunzi ataweza kuchunguza polima, yaani molekuli ndefu kama minyororo, zinazotoa mwanga "hadi kwenye molekuli moja". Hilo haliwezekani kwa kifaa cha aina hii. Ninalitaja mapema kwa kuwa nimekwisha kuulizwa na walimu wenzangu wawili, mmoja wa Ibanda na mwingine wa Bagira, kama kweli sasa tunaweza kufanya darasani kazi ambayo maabara kubwa za ulimwengu hufanya kwa vyombo vinavyojaza chumba kizima. Jibu ni hapana. Hata hivyo kifaa kinafanya mambo mengine kwa uaminifu mkubwa, na baadhi ya mambo hayo yanamsogeza mwanafunzi karibu sana na swali lenyewe la molekuli moja, pengine karibu kuliko watengenezaji wenyewe walivyofikiri.

Ndani ya boksi kuna spektrometa, yaani chombo cha kutenganisha na kupima rangi za mwanga, ya chuma cheusi yenye urefu wa sentimeta kumi hivi, waya wa kuiunganisha na simu au kompyuta, tochi mbili za kuchaji, na vipande vinne vya kioo vilivyofungwa kingo kwa gundi. Tochi moja hutoa mwanga wa urujuanimno wenye urefu wa wimbi wa nanometa 365 (nanometa ni sehemu moja ya bilioni ya mita), na nyingine mwanga wa bluu wa nanometa 450 hivi. Vipande vya kioo ndivyo vilivyonivutia zaidi. Viwili vimepakwa utando mwembamba wa polima iitwayo MEH-PPV, ambayo kwa macho ni nyekundu iliyoiva na ikimulikwa kwa bluu inang'aa rangi ya machungwa. Viwili vingine vina polima hiyo hiyo ikiwa imetawanywa kwa kiasi kidogo mno ndani ya plastiki angavu ya aina ya pleksiglasi. Miwani ya kukinga macho haimo, na hilo ni kosa zito, kwa sababu tochi ya urujuanimno ina nguvu na watoto hupenda kuangalia chanzo cha mwanga moja kwa moja. Shule inunue miwani kabla ya somo la kwanza.

Tulilipa dola 140, pamoja na gharama ya kuipitisha Kigali na kuivusha mpaka wa Ruzizi. Kwa bei hiyo nilitegemea kifaa cha mchezo. Sicho. Mwanga unaingia kupitia mwanya mwembamba, unapita kwenye bamba lenye mistari midogo sana iliyochorwa kwa ukaribu, kila rangi inapinda kwa pembe yake, kisha kamera ndogo inapiga picha ya rangi zilizotengana na programu inaigeuza picha hiyo kuwa mchoro wa nguvu ya mwanga dhidi ya urefu wa wimbi, yaani spektra. Umeme wa ukutani hauhitajiki, kwani simu ndiyo inayoilisha. Kwa shule zetu sifa hiyo peke yake ina thamani, maana somo haliahirishwi umeme unapokatika.

Jaribio la kwanza la spektrometa yoyote ni kuipa mwanga unaojulikana. Taa za mrija, na zile balbu za kubana matumizi zilizojipinda ambazo bado zimejaa katika maduka ya Kadutu, zina mvuke wa zebaki, na zebaki hutoa mistari isiyobadilika kwenye nanometa 435.8 na 546.1. Programu inakuruhusu kuichagua mistari hiyo miwili na kusahihisha kipimo chote kwa kuitegemea. Baada ya kufanya hivyo, mstari mwekundu wa nanometa 611 unaotokana na europiamu iliyopakwa ndani ya taa ulikaa mahali pake kwa tofauti isiyofika nanometa moja. Mistari ya zebaki ya manjano, 577.0 na 579.1, haikutengana, ilionekana kama mmoja mnene. Maelezo yanadai kwamba kifaa hutenganisha nanometa 2, lakini mimi ningeandika 3. Kwa anga la mchana, mabonde ya Fraunhofer, yaani ile mistari ya giza katika mwanga wa jua, yanaonekana vizuri, hasa lile la hidrojeni kwenye 486 na lile la natiri kwenye 589, ingawa natiri yenyewe ina mistari miwili ambayo kifaa hiki hakiwezi kuiachanisha.

Sasa nije kwenye kasoro ambayo kila mnunuzi lazima aijue. Kamera iliyomo ndani ni kamera ya rangi, yaani mbele ya kila nukta yake kuna kichujio chekundu, cha kijani au cha bluu. Pale ambapo uwezo wa kichujio kimoja unaishia na wa kingine unaanza, karibu na nanometa 490 na tena karibu na 580, kamera inapokea mwanga hafifu kuliko uliopo. Mchoro unapata mabonde ya uongo. Kuyathibitisha ni rahisi: washa balbu ya kizamani yenye uzi wa moto, ambayo spektra yake inapaswa kupanda taratibu kutoka bluu hadi nyekundu bila kijiti wala shimo, na utayaona mabonde hayo mawili yakiwa yamekaa pale pale. Kwa taa nyingi hili si tatizo kubwa. Kwa MEH-PPV ni tatizo hasa, kwa kuwa kilele cha utando wa polima hii kiko karibu na nanometa 590, ubavuni mwa bonde la uongo, na mwanafunzi anaweza kuapa kwamba polima ina vilele viwili vilivyokaribiana ambavyo kimaumbile havipo. Bahati nzuri programu ina sehemu ya kuhifadhi spektra ya rejea na kugawanya kila kipimo kwa hiyo. Ihifadhi ile ya balbu ya uzi wa moto na uitumie daima. Kamera isiyo na vichujio vya rangi ingeondoa tabu hii yote, na sioni kwa nini mtengenezaji hakuitumia.

Ukitumia tochi ya urujuanimno, kijilima kidogo kitatokea kwenye nanometa 730. Si mwanga mwekundu wa sampuli. Bamba la mistari hupeleka sehemu ya mwanga wa nanometa 365 kwenye pembe nyingine kubwa zaidi, iitwayo daraja la pili, na daraja hilo linaangukia mahali pa 365 mara mbili. Karatasi ya maelezo haisemi neno juu ya jambo hili, wakati lingefaa kuwa somo zuri la pekee.

Kubwa zaidi ya yote ni mpangilio wa kamera kujirekebisha yenyewe. Mwanga ukipungua, kamera inaongeza muda wa kuupokea, ukizidi, inaupunguza. Kwa mpiga picha ni huduma, lakini kwa anayepima ni udanganyifu, kwa kuwa urefu wa kilele hauna maana tena. Ndani ya programu, katika ukurasa wa tatu wa mipangilio, kuna kitufe cha kufunga muda huo. Kifungeni kabla ya kipimo chochote kinacholinganisha nguvu ya mwanga, kisha hakikisheni kwamba kilele hakijafika dari ya mchoro, maana kikifika kinakatwa kichwa na kuonekana bapa. Programu yenyewe ina Kiingereza na Kichina tu. Kwa nchi ambayo mtoto anasoma fizikia kwa Kifaransa na kuielewa kwa Kiswahili, mwalimu atalazimika kuandaa karatasi yake ya maelekezo.

Baada ya kufunga muda wa kamera, kifaa kinabadilika kuwa chombo cha kuaminika, na jaribio lililoonyesha ubora wake kuliko yote halikutoka kwenye boksi bali kwenye mji wetu. Kwinini imetengenezwa Bukavu kwa miongo mingi katika kiwanda cha Pharmakina, kutokana na magome ya miti ya sinkona inayopandwa Kivu, kwa hiyo wanafunzi wetu wanaijua dawa hii tangu utotoni. Mwaka 1845 John Herschel alieleza mng'ao wa bluu unaoonekana kwenye uso wa maji yenye salfeti ya kwinini, na mwaka 1852 George Stokes akaonyesha kwamba mwanga unaotoka una urefu wa wimbi mkubwa kuliko ule ulioingia. Tulisaga kidonge, tukakiyeyusha katika maji yenye ndimu, tukachuja, tukamulika kwa tochi ya 365. Mchoro ulitoa kilima kipana na laini chenye kilele karibu na nanometa 450. Kisha tukaongeza chumvi ya jikoni, chembe kwa chembe.

Kilima kilishuka. Hakikusogea kushoto wala kulia, wala hakikubadilika umbo. Kilipungua urefu tu, hatua kwa hatua, hadi kikakaribia kulala. Ioni za kloridi zilizomo katika chumvi hugongana na molekuli ya kwinini ikiwa bado imebeba nishati ya mwanga, na nishati hiyo hupotea kama joto kabla haijatoka kama fotoni, yaani chembe ya mwanga. Msichana mmoja wa mwaka wa sita aliuliza: "Mwalimu, je, kila molekuli imekuwa hafifu kidogo, au baadhi zimezimika kabisa na nyingine zinawaka kama zamani?" Nimekuwa nikifundisha kwa muda mrefu na sikumbuki swali la mwanafunzi lililogonga kiini cha jambo kama hilo. Mchoro ulio mbele yetu hauwezi kulijibu. Hali zote mbili hutoa mchoro ule ule, na hiyo ndiyo mipaka ya spektrometa hii na ya nyingine yoyote inayopima kundi zima kwa pamoja. Mtu aliyesimama juu ya kilima akisikiliza mvumo wa soko la Kadutu anaweza kujua kwamba umepungua, asijue kama wauzaji wote wameshusha sauti au nusu yao wamekwenda nyumbani.

Nifanye hesabu kidogo ili ukubwa wa kundi hilo uonekane. Utando wa polima wenye eneo la sentimeta moja ya mraba na unene wa nanometa 100 una uzito wa maikrogramu 10 hivi, tukichukua kwamba sentimeta moja ya ujazo ina gramu moja. Ikiwa mnyororo mmoja wa polima una uzito wa gramu 500,000 kwa moli, jambo la kawaida kwa polima ndefu, basi katika eneo hilo dogo kuna minyororo takriban trilioni 12. Kila mara unapobonyeza kitufe cha kupima, wote hao wanajibu kwa sauti moja. Ili kuwasikiliza mmoja mmoja kwa hadubini ya mwanga, ambayo haiwezi kutofautisha vitu vilivyokaribiana kuliko nusu ya urefu wa wimbi, yaani nanometa 250 au 300, lazima minyororo itawanywe hadi ubaki mmoja hivi kwa kila maikrometa ya mraba. Sentimeta ile ile ya mraba basi ingekuwa na minyororo milioni 100 tu, pungufu zaidi ya mara laki moja kuliko ile ya utando. Vile vioo viwili vilivyochanganywa na plastiki vimetawanywa, lakini si kwa kiasi hicho. Kama vingekuwa hivyo, kamera hii isiyopozwa isingeona chochote isipokuwa kelele zake yenyewe.

Wale waliofaulu kuisikiliza molekuli moja walihitaji vitu ambavyo haviingii katika boksi la dola 140. W. E. Moerner na Lothar Kador, katika maabara ya IBM ya Almaden, walikuwa wa kwanza mwaka 1989, wakipima mwanga unaofyonzwa na molekuli moja ya pentasini ndani ya fuwele iliyopozwa kwa heliamu kimiminika. Mwaka uliofuata Michel Orrit na Jacky Bernard wa Bordeaux walifanya hivyo kwa kupima mwanga unaotoka badala ya unaofyonzwa, na njia hiyo ndiyo iliyoenea, kwa kuwa ni rahisi zaidi kuona nuru ndogo gizani kuliko kuona upungufu mdogo katika nuru kubwa. Kwa polima, kazi hufanywa kwa leza, mara nyingi ya nanometa 488, inayokusanywa na lenzi ya hadubini iliyochovywa katika mafuta. Vichujio vinazuia kila fotoni ya leza isirudi. Kisha fotoni chache za molekuli zinagawanywa kati ya kihisio kinachozihesabu moja moja na spektrografu, yaani chombo cha kupiga picha ya spektra, yenye kamera iliyopozwa sana. Sampuli inawekwa ndani ya naitrojeni au ombwe, kwa sababu oksijeni ikikutana na polima iliyomulikwa huiharibu haraka.

Na hapa ndipo swali la mwanafunzi wangu linapopata jibu la kushangaza. Polima inayotoa mwanga ni mnyororo wa kaboni ambamo vifungo vya pekee na vifungo maradufu vinapokezana, na elektroni zinaweza kusambaa juu ya sehemu ya mnyororo. Alan Heeger, Alan MacDiarmid na Hideki Shirakawa walifungua njia hiyo mwaka 1977 kwa kuonyesha kwamba plastiki ya namna hii inaweza kupitisha umeme, wakapata Tuzo ya Nobeli ya Kemia mwaka 2000. Na mwaka 1990 kundi la Cambridge, wakiwemo Jeremy Burroughes, Donal Bradley na Richard Friend, likaonyesha kwamba PPV, mzazi wa hii MEH-PPV yetu, hutoa mwanga ukipitishwa umeme ndani yake. Mnyororo mrefu haufanyi kazi kama kitu kimoja. Umepindapinda na una kasoro, kwa hiyo hugawanyika katika vipande vingi vya kutoa mwanga, vinavyoitwa kromofori, kila kimoja kikiwa na viungo vichache. Mtu angetarajia kwamba mnyororo wenye makumi ya kromofori utang'aa kwa utulivu, na kwamba kromofori zikiharibika moja moja mwanga utapungua polepole, kama kilima chetu cha kwinini.

Sivyo ilivyotokea. Mwaka 1997 kundi la Paul Barbara nchini Marekani, wakishirikiana na Timothy Swager, walitangaza kwamba mnyororo mmoja wa polima ya jamii ya PPV huwaka na kuzimika kwa mirukio: unang'aa, ghafla unafifia au kuwa giza, kisha unarudi. Mnyororo wenye kromofori nyingi ulikuwa ukitenda kana kwamba una chanzo kimoja au vichache. Maelezo yake ni kwamba nishati haikai pale ilipofyonzwa. Huhama kutoka kromofori hadi kromofori ikitafuta zile zenye nishati ndogo, na mwanga mwingi hutokea huko mwishoni. Kasoro moja ikizaliwa karibu na njia hizo, kwa mfano sehemu iliyopoteza elektroni kwa muda, basi inameza nishati ya eneo lote la mnyororo. Kwinini kila molekuli hujizimikia peke yake inapogongwa na kloridi. Katika polima kizimaji kimoja kinanyamazisha jamii nzima. Spektrometa inayopima minyororo trilioni 12 kwa pamoja isingeweza kamwe kuligundua hilo, kwa kuwa wakati mnyororo huu unazimika ule unawaka, na jumla yao ni mstari mtulivu.

Nimeeleza kwa kirefu kwa sababu nadhani ndiyo njia bora ya kukitumia kifurushi hiki. Vile vioo vya aina mbili tofauti vinatoa somo la kati. Utando mzito wa MEH-PPV ulinipa kilele kwenye nanometa 592 na bega pana kuelekea nyekundu. Kioo chenye polima iliyotawanywa kilinipa kilele kwenye 563. Ni polima ile ile, mwanga wa tochi ni ule ule, lakini rangi si ile ile: katika utando minyororo imeshikana, nishati inahama kutoka mnyororo hadi mnyororo na kuishia kwenye sehemu zenye nishati ndogo zaidi, hivyo mwanga unasogea upande wa nyekundu. Vipimo hivi vinakubaliana na vinavyojulikana, kwani MEH-PPV ikiwa katika kimiminika hutoa mwanga karibu na 555 na ikiwa utando karibu na 590. Mwanafunzi anaona kwa macho yake kwamba ujirani wa molekuli hubadilisha mwanga wake, na kwamba mtu akitaka kujua molekuli yenyewe ilivyo lazima kwanza aitenge na wenzake. Mwaka 2000 kundi lile lile la Barbara lilitumia mwanga wenye mwelekeo mmoja wa mtetemo kuonyesha kwamba hata mnyororo mmoja wa MEH-PPV hujikunja kwa mpangilio wa mche mduara, wala haujiviringi ovyo, na jambo hilo nalo huathiri jinsi nishati inavyosafiri ndani yake.

Upana wa vilima navyo ufundishwe. Vilima vyote tulivyopata vina upana wa makumi ya nanometa, na mwanafunzi hudhani kifaa ndicho butu. Kifaa kina ubutu wa nanometa 3 tu. Upana unaobaki ni wa maumbile: kila kromofori ina rangi yake iliyotofautiana kidogo na ya jirani, na joto la chumba linaitikisa kila moja. Molekuli moja ya polima ikipozwa hadi karibu na nyuzi 269 chini ya sifuri, mistari myembamba sana hujitokeza, ambayo katika kundi ilikuwa imefichwa chini ya kilima kimoja. Kazi nzuri za aina hii zilifanywa Munich na John Lupton na Jochen Feldmann katika miaka ya 2000, na zilionyesha kwamba polima zenye rangi na ugumu tofauti zinafanana sana pindi unapofikia kromofori moja.

Matumizi mengine ya kifaa niyapitie kwa haraka. Vijana watakielekeza kwenye simu zao, na hilo lina faida mjini kwetu ambako vioo vya simu vya kubadilisha huuzwa kwa majina makubwa. Kioo cha kweli cha OLED, ambacho kila nukta yake hutoa mwanga wake yenyewe, kinaonyesha vilima vitatu vilivyoachana vizuri, na sehemu nyeusi ya picha haitoi mwanga kabisa. Kioo cha LCD, kinachomulikwa na taa iliyo nyuma yake, kina kilele kikali cha bluu karibu na 450, na weusi wake unavuja mwanga. Karatasi ya maelezo inasema skrini za simu ni polima zinazotoa mwanga, na hapo tena imekosea. Skrini za OLED za simu zimetengenezwa kwa molekuli ndogo zinazowekwa kwa mvuke ndani ya ombwe, ukoo unaoanzia kwenye kazi ya Ching Tang na Steven Van Slyke wa Kodak mwaka 1987. Polima ni tawi la jirani: huyeyushwa na kupakwa kama rangi, na hiyo ndiyo nguvu yake.

Linalonisikitisha ni maisha ya vioo vya polima. Gundi ya kingo haizuii hewa kikamilifu. Kioo kimoja cha utando, kilichotumiwa sana chini ya tochi ya bluu, tayari kina ukingo uliopauka ambao haung'ai tena, na doa hilo linaelekea katikati. Ni oksijeni, na ilitarajiwa. Viwekeni gizani, ndani ya chupa iliyofungwa yenye vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya, na msivimulike zaidi ya sekunde zinazohitajika. Muuzaji niliyewasiliana naye hauzi vioo peke yake. Anataka ununue kifurushi kizima upya. Shule mbili zikinunua kwa pamoja zingeweza kuacha jozi moja bila kufunguliwa kwa ajili ya mwaka unaofuata, na mwenzangu wa Bagira amekubali tufanye hivyo.

Kwa vyuo vyetu vikuu, ushauri wangu ni tofauti. Mtafiti anayetaka kupima ufanisi wa mng'ao, au kufuatilia mwanga unaofifia kwa nanosekunde, asipoteze fedha hapa. Atafute spektrometa yenye kihisio kisicho na vichujio vya rangi na kichujio cha kuondoa daraja la pili, hata kama bei itapanda mara kumi. Kwa darasa la sekondari, kinunuliwe, ukurasa wa tatu wa mipangilio ufunguliwe kwanza, na kidonge cha kwinini kiwekwe tayari mezani pamoja na chumvi.